Mwaka wa Ukuta wa Mianzi

Siku moja kabla ya mazishi, Gwakisa aliniletea karatasi jikoni na kalamu juu yake. "Mama mdogo, wewe ndiye mkubwa uliyebaki. Pitia wasifu wa bibi, kesho nisije nikaaibika mbele ya mchungaji." Nje wanawake walikuwa wamezunguka mikungu ya ndizi, wanamenya na kubishana juu ya sufuria ipi itoshe watu wangapi, na mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kuheshimu msiba wa mtu, ilikuwa inapiga turubai. Nikavaa miwani. Gwakisa ni mtoto wa marehemu dada Lugano, na Lugano ndiye mtoto pekee wa mama mkubwa, huyo bibi tuliyekuwa tunamzika, kwa hiyo kijana wa watu alikuwa amejitahidi. Alitaja ubatizo wa bibi yake, kwaya aliyoimba mpaka sauti ikakatika, wajukuu na vitukuu waliopita mgongoni mwake, na umri wake uliovuka tisini akiwa bado anachambua maharage mwenyewe. Kisha nikafika kwenye mstari huu: "Alimngoja mumewe maisha yake yote, bila kujua kwamba hatarudi." Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Nikamwambia Gwakisa aniachie kalamu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipopelekwa kuishi na mama mkubwa, katikati ya miaka ya hamsini, na nilikwenda nimenuna. Baba yangu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mbao karibu na Mafinga. Siku moja ikafika habari kwamba babu, baba yake, ameteleza kwenye mteremko wa kisimani akavunjika nyonga, hospitali imefanya iliyoweza, sasa amelala tu. Kaka yake baba, mume wa mama mkubwa, alikuwa migodini Rhodesia mwaka wa sita. "Utakaa kule mwaka mmoja," baba akaniambia. "Shule haikimbii." Nikapandishwa mbele kwenye lori la mbao, tukapita Nyololo nikiwa bado nalia, na tulipofika Mbeya baridi ilikuwa imenikausha machozi. Kesho yake nikapanda basi la kwenda Tukuyu na kifurushi changu, huku nikijiuliza kwa nini mtu mzima kama mama mkubwa, mwenye mikono miwili na afya ya punda, ashindwe kumhudumia mzee mmoja asiyeweza hata kutambaa.

Jibu nililipata siku ileile. Kwetu Unyakyusa, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Sisemi kwamba anamwonea haya kidogo, nasema hakutani naye kabisa. Hamtazami usoni, hamsemeshi, hataji jina lake, na akimwona kwa mbali njiani huingia migombani akachuchumaa hadi mzee apite. Tunaita ukutila, yaani kuogopa, ingawa ni woga wa heshima. Mimi niliyekulia kwa Wahehe sikuujua vizuri. Mama mkubwa alikuwa ameolewa akiwa na umri mdogo, akapika kwa ajili ya mzee yule miaka karibu ishirini, na hakuwa anaijua sura yake. Alijua kikohozi chake, nyayo zake, na namna anavyopenda magimbi yake. Mzee naye alijua mkono wake wa chumvi, basi.

Babu alipovunjika, wake zake wote wakiwa wametangulia, ndugu walikaa kikao wakashindwana. Mama mkubwa ndiye aliyewakata maneno. Alisema mzee aletwe kwake, alazwe kwenye chumba kilichopakana na jiko, na mlango wa chumba hicho uzibwe, utobolewe mwingine nyuma, upande wa migomba. Kati ya jiko na chumba ukabaki ukuta wa mianzi iliyosiribwa udongo. Vijana wa jirani walikuja asubuhi na jioni kumwogesha na kumgeuza. Mchana kutwa alihitaji mtu wa damu yake, wa kuzunguka nyumba na kupeleka chakula, na kwa kuwa Lugano alikuwa ameshaolewa mbali, mtu huyo nikawa mimi. Mama mkubwa aliusiriba ukuta ule kwa mikono yake, akaulainisha vizuri, isipokuwa karibu na mafiga aliacha mahali pa ukubwa wa ungo pasipo udongo, mianzi mitupu. Nilipomuuliza alisema udongo ulimwishia. Nikashangaa kimoyomoyo, maana Unyakyusa kitu kisichoisha ni udongo.

Babu aliponiona mara ya kwanza aliniangalia kutoka juu hadi chini. "Huyu ndiye mke niliyeletewa? Mbona amekonda hivi? Bila shaka kule Iringa walimnywesha pombe ya ulanzi badala ya maziwa." Nikamsalimia kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza, akacheka mpaka nyonga ikamuuma, akanitukana kwa ajili ya maumivu, akacheka tena. Kwa mjukuu babu ni mtani wake, na huyu alinitania bila kupumzika. Lakini kwa habari ya chakula hakuwa na utani. Siku ya tatu alionja uji, akausukuma. "Mwambie mkwe wangu huu ni uji wa kumwogeshea ndama." Nikazunguka nyumba na bakuli langu, nikapita migombani, nikaingia jikoni. Mama mkubwa alikuwa ameinama kwenye moto. Alinyanyua uso akaninong'oneza, maana karibu na ukuta ule alinong'ona siku zote, sauti yake isimfikie mkwe wake. "Amesemaje?"

Nilimwangalia. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo, mikono imechubuka kwa kusaga. Nikasema, "Babu anashukuru sana. Anasema uji ni mtamu."

Mama mkubwa akageukia moto, mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani ni moshi. Kesho yake uji ulitoka mzito, umetiwa maziwa, na babu akaumaliza kwa kulamba kidole. Nikaona Mungu amenisaidia. Tangu siku ile nikawa tarishi mwongo. Babu akisema, "Mwambie chumvi haiuzwi kwa dhahabu," mimi nilisema, "Anakuombea baraka." Akisema, "Maharage haya yamepikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda wapi?" mimi nilisema, "Anauliza kama umepumzika." Na kila mara, kesho yake, chumvi ilitosha na maharage yalilainika. Nilijiona mtoto mwenye bahati kuliko wote wilayani. Mtu mzima akinisimulia habari kama hiyo leo nitamuuliza kama ana akili timamu, lakini nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa nimeanza kuwapenda wote wawili.

Nilimpenda mama mkubwa kwa mambo madogo. Alikuwa akinipakulia mimi kwanza kabla yake, na akidai kwamba hapendi ukoko wa ndizi, kumbe ananiachia. Alasiri kazi ikipungua alikaa kwenye kigoda karibu na ule uwazi wa mianzi akaimba nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine. Babu hakuwa amebatizwa na alisema waziwazi kwamba hana mpango huo, ila mama mkubwa akichelewa kuimba, alianza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja siku moja kumwambia kwamba desturi ile ni ya giza, Mkristo hana sababu ya kujificha, na aingie tu amhudumie mgonjwa. Mama mkubwa alimkaribisha maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho. "Mungu ameniambia nimheshimu, mzee," akajibu. "Hajaniambia nimtazame." Mzee wa kanisa akanywa maziwa yake. Kaka zake mama mkubwa nao walikuja, wakamuuliza atakaa mpaka lini kwenye nyumba isiyo na mume, na yeye hajafika hata arobaini. "Nina mgonjwa," aliwajibu, akawafungia magimbi ya njiani.

Halafu, kahawa ilipokuwa inaanza kuchanua, akaja mtu kutoka Rhodesia. Alikuwa na kofia nzuri na blanketi jipya la babu. Mama mkubwa alikuwa mtoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha ule mlango wa nyuma, nachambua mboga, na watu wazima wana tabia ya kusahau kwamba mboga huchambuliwa na mtu mwenye masikio. Mgeni alisema baba mkubwa ana mke kule na watoto wawili, amejenga, na ametuma salamu kwamba asingojwe. Mgeni alipoondoka, mzee alilisukuma lile blanketi kwa mkono mpaka likaanguka chini, na siku hiyo hakula. Mama mkubwa aliniuliza mgeni alikuwa nani, nikasema mpita njia.

Siku ya pili, mchana, babu aliniita karibu. Hakuniita mke wake. Aliniita kwa jina langu, Atupele, na hapo nikaogopa. "Nenda kamwambie mkwe wangu maneno haya, usiyapunguze. Mwanangu hatarudi, ameoa huko. Mimi namwachia. Aende kwao akaolewe angali na nguvu, na ng'ombe za mahari sitazidai hata ndama mmoja. Mwambie nimesema mimi." Nikamuuliza, "Na wewe babu, utapikiwa na nani?" Akasema, "Mimi nimeshakula vya kutosha. Nenda."

Nilizunguka ile nyumba polepole kuliko siku zote. Kwenye migomba nilisimama. Niliona mama mkubwa akifunga mzigo wake, nikaona babu amelala peke yake na jiko limepoa, nikajiona mimi kati yao nimebaki bila mtu, na niseme ukweli, nililia zaidi kwa ajili yangu. Nikaingia jikoni. Mama mkubwa alikuwa amesimama wima, mwiko mkononi, hakorogi kitu.

"Amesemaje?"

"Anasema magimbi ya leo yameiva vizuri."

Alinitazama muda mrefu. Alinitazama kwa huruma, ingawa wakati ule sikujua kwamba ni huruma. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakunong'ona. Akasema kwa sauti yake kamili, ile ya kwaya, uso ukiwa umeelekea ukutani: "Mwambie babu yako nimesikia. Mwambie siendi popote. Kesho nitapika kama nilivyopika leo." Nilidhani anasema haendi sokoni, maana kesho yake ilikuwa siku ya soko. Niliporudi kwa babu nilimkuta ameziba uso kwa mkono, machozi yanapita katikati ya vidole. Nikajua ni nyonga. Nikampa maji.

Hakuna mtu aliyesema neno tena juu ya jambo hilo. Babu aliendelea kulaumu chumvi, mimi nikaendelea kudanganya, na ndani yangu pakakaa jiwe. Kila nilipomwona mama mkubwa amesimama kwenye njia ya kuelekea barabarani, nilijua anamtazamia mumewe, na kwamba mimi ndiye niliyemfungia pale.

Babu alikufa kwenye masika. Kifua kilimjaa, akawa hawezi kulala, kwani akilala anazama. Siku hiyo vijana wa jirani walikuwa wamekwenda kwenye mazishi ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika. Tangu asubuhi nilimkalisha nikimwegemeza kifuani kwangu, na ilipofika saa nane mikono ilianza kutetemeka. Alikuwa mzee mrefu, mifupa mizito. Aliteleza, akakoroma, macho yakageuka. Nikapiga kelele: "Mama mkubwa, siwezi! Nitamwangusha!"

Upande wa pili nikasikia sufuria inateremshwa motoni. Nikasikia nyayo zake zikizunguka nyumba ndani ya tope, njia yangu, ile ambayo hakuwahi kuipita tangu mzee aletwe. Mlango ukawa na giza. Mama mkubwa alikuwa amejifunika nguo kichwa na uso, mvua inamchuruzika, na alikuwa ametupa mgongo. Akaingia kinyumenyume, akipapasa mwimo wa mlango kwa mkono. "Niongoze," akasema. Nikaunyoosha mguu wangu mmoja nikamgusa, nikamwelekeza, kushoto, nyuma kidogo, hapo. Akakaa kitandani, akauimarisha mgongo wake, miguu akaikita chini. "Mlete." Nikamwinua babu, nikamwegemeza, mgongo wake kwenye mgongo wa mkwe wake. Pumzi ikaanza kupita tena, kwa taabu, lakini ikapita.

Walikaa hivyo mchana wote. Mimi nilikaa chini, nimeshika miguu ya babu iliyokuwa inapoa. Kuna wakati alizinduka kidogo, akaniona, akatabasamu upande mmoja. "Mke wangu, mbona leo nimeegemezwa kwenye mlima?" Baadaye akasema, si kwangu, "Ndaga." Ni asante. Ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akimwambia mkwe wake moja kwa moja. Mama mkubwa alianza kuimba taratibu, na naamini babu aliusikia wimbo kwa mifupa kabla haujafika masikioni. Aliyejua wa kwanza kwamba amekufa si mimi niliyekuwa namtazama. "Amekwenda," mama mkubwa akasema chini ya nguo yake, na hakusogea. Alimshikilia vile mpaka wanaume wakafika, ndipo akatoka, uso umefunikwa, bila kugeuka.

Maneno hayakukosekana. Wanawake wengine walisema amevunja mwiko na ukoo utaliona hilo. Watu wa kanisa walisema afadhali hatimaye ameacha mambo ya giza. Wote waliniudhi. Mimi nilikuwepo: hakuvunja kitu, na hakuacha kitu. Nimefanya kazi ya uuguzi Iringa zaidi ya miaka thelathini, na siku tulipofundishwa namna ya kumkalisha mgonjwa mwenye shida ya pumzi, mwalimu alidhani nalia kwa kukumbuka nyumbani. Ni kweli, nilikuwa nakumbuka nyumbani.

Mwaka ule ukaisha, nikarudi shule. Mama mkubwa akabaki. Kaka zake walikuja tena, wakarudi tena. Lugano akaleta mtoto wake wa kwanza alelewe, akaleta wa pili ambaye ni huyu Gwakisa, mimi nikaleta wangu nilipokuwa na zamu za usiku, na wajukuu wakaleta wao. Nyumba ya matofali ilijengwa, ya mianzi ikabaki jiko. Kila nilipokwenda nilimkuta ana mtoto mgongoni, na kila nilipoondoka lile jiwe lilikuwa limeongezeka uzito. Nilijua mimi ndiye niliyemnyima mume mwingine, watoto wengine, maisha mengine, kwa uongo wa magimbi.

Nilimwambia miaka mitatu kabla hajafa. Tulikuwa jikoni, anachambua maharage kwa vidole kwa kuwa macho yalikuwa yamefifia. Nilikuwa bibi mtu mzima mwenye pensheni, nikapiga magoti kwenye majivu kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia kila kitu: mgeni mwenye kofia, maneno ya babu, ng'ombe za mahari, na nilichokisema badala yake.

Vidole vyake havikusimama. "Na ule uji wa kumwogeshea ndama?" akauliza. "Huo mbona huungami?"

Akaanza kucheka, mabega yanatikisika vilevile kama zamani, na safari hii hapakuwa na moshi. "Atupele, mwanangu. Ule ukuta ulikuwa wa mianzi. Na pale karibu na mafiga niliacha uwazi mwenyewe, nisikie mzee akikohoa. Nilisikia kila kitu. Naye alijua nasikia. Kwa nini unadhani alikuwa akisema kwa sauti kubwa vile? Wewe tulikuwa tunakutuma kwa sababu desturi inataka mjumbe. Na ulikuwa mjumbe mzuri sana, ulituchekesha mwaka mzima."

"Basi ulijua kwamba amekuachia."

"Nilijua."

"Kwa nini hukwenda?"

Akatupa jiwe dogo alilolipata kwenye maharage. "Angenishika ningekwenda. Kaka zangu walikuwa tayari, na mimi nilikuwa nimechoka. Lakini mzee hawezi hata kujigeuza, anaiachia sahani yake mwenyewe ili mimi nipate maisha. Mtu kama huyo unamwachaje? Halafu alipokufa, Lugano akaleta mtoto, na wewe ukaleta. Ningekwenda wapi, nyumba imejaa?" Akapapasa mpaka akapata kichwa changu. "Inuka kwenye majivu, utachafua nguo. Siku ile nilikuhurumia wewe, ulikuwa umebeba maneno mazito kuliko umri wako. Uliyaweka chini. Si dhambi."

Niliyakumbuka yote hayo jikoni palepale, kalamu mkononi, wakati wenzangu wanamenya ndizi zake. Nikaukata ule mstari wa Gwakisa kwa wino, nikaandika juu yake: "Aliambiwa kwamba mumewe hatarudi, akaruhusiwa kwenda kwao. Akabaki kwa hiari yake." Nikamwita kijana aje achukue karatasi yake. Aliisoma mara mbili akiwa amekunja uso.

"Mama mdogo, nani aliyemruhusu?"

"Baba mkwe wake."

"Lakini si unatuambia siku zote kwamba hao wawili hawakuwahi kuzungumza?"

"Hawakuwahi," nikamjibu. "Nenda pale ukutani, chini, karibu na mafiga, upapase."

Gwakisa akachuchumaa kwenye kona ile nyeusi kwa masizi ya miaka hamsini. Nikaona mkono wake ukipita kwenye udongo laini, taratibu, mpaka ukafika kwenye mianzi.